Mtazamaji Asiye na Mtoto Barafuni

Ta. Kisha ta nyingine, ndogo zaidi, ikirudi kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Ni kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachochezea hoki, kikigonga mbao zinazozunguka uwanja wa barafu, na ile ta ya pili ni mwangwi wake. Nimeusikia mlio huo mara nyingi mno baadaye, ila wa asubuhi ile ya kwanza ndio uliogoma kunitoka masikioni, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Viti vilikuwa vitupu. Ukumbi ukijaa watu mwangwi haurudi, makoti yao yanaumeza. Siku ile ulirudi mzima mzima, kama mtu aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa.

Nilikuwa nimemsindikiza mdogo wangu wa kike. Tunaishi Farsta, huku Uswidi, mama, mimi na yeye. Mama ni wa Burundi, mimi alinizaa kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, mdogo wangu akazaliwa huku. Ndiyo maana mimi namjibu mama kwa Kiswahili na yeye anamjibu kwa Kiswidi, na mama anatuelewa wote wawili pale anapotaka. Shule sikwenda nayo mbali. Nafanya kazi kwenye ghala moja kule Jordbro, mikono inapanga vitu kwenye maboksi na kichwa kinapanga vingine. Mdogo wangu ndiye aliyechagua hoki. Au tuseme hoki ilimchagua: shuleni walipelekwa kuteleza kwenye barafu, kocha wa timu ya wasichana akasema anatafuta golikipa, wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Nani anataka kusimama mahali pa kupigwa? Yeye, ambaye nyumbani akiona buibui anaita watu, akanyoosha mkono.

Waliokuja kutazama asubuhi ile walikuwa wazazi wachache, kila mmoja amekaa mbali na mwenzake kana kwamba waligombana kwenye maegesho ya magari. Walikuwa na chupa zao za kahawa na vile vigodoro vidogo vya kukalia ambavyo Waswidi, nadhani, huzaliwa navyo. Na juu kabisa, safu ya mwisho, alikuwepo mwanamke mzee mwenye koti la kijivu na kofia ya sufu, peke yake. Hakushangilia. Hakupiga makofi. Alitazama tu.

Siku ile nilifurahi kumwona. Kwangu mimi mtu mmoja ni mwanzo wa umati. Mimi ni mtu wa kuota, sifichi. Nilipotazama vile viti nikaona ngoma, nikaona kina mama wa kanisa letu wamejipanga na vitenge vyao juu ya makoti, nikaona watu wanasukumana mlangoni. Nikavuta skafu hadi mdomoni, nikaanza kutangaza mechi kimya kimya kama watangazaji wa mpira redioni: anakuja, anakuja, anamhadaa wa kwanza, golikipa anatoka langoni, ndugu msikilizaji kaa vizuri, anakidaka.

Basi nikaanza kualika watu. Niliyemwendea kwanza ni mama mmoja wa Kikongo anayeishi Sundbyberg, ambaye kanisani wote tunamwita Tantine, shangazi kwa Kifaransa, na ambaye bila yeye hakuna jambo linalofanyika.

"Bon, mwanangu," akasema. "Niache ibada niende kukaa ndani ya friji? Friji ninayo nyumbani, na ile yangu ina chakula."

"Mechi nyingine ni Jumamosi, Tantine."

"Jumamosi nasuka watu. Halafu niambie kitu kimoja. Mpira wa miguu unamwona mtoto wako. Unasema, yule ni wangu, hata akikosa goli unamjua kwa sura yake. Huko wote wamefunikwa kama masufuria. Nitamshangilia nani?"

Nilicheka, lakini hoja ya sura hadi leo naiona ni kubwa kuliko ya baridi. Mama anataka kuona uso wa mwanawe. Ukimwekea kofia ngumu na wavu wa chuma usoni, umemnyima kile alichotoka nyumbani kukifuata. Na Waswidi nao, ambao hoki ni yao, hawajazani huko. Baba mmoja aliyekuwa kwenye zamu ya kibanda cha kahawa, maana pale wazazi hupokezana kuuza kahawa na soseji, aliniambia watu hujaza timu kubwa za watu wazima, zile za kwenye televisheni. Mechi ya watoto anakuja mwenye mtoto. Mtoto akiumwa, na mzazi haji.

Na kwetu mwenye mtoto alikuwa mama. Na mama hakuwa akija.

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na kila Jumamosi ya mechi alikuwa na zamu. Alikuja mara moja tu, mwanzoni mwa msimu, mimi nikiwa kazini, akarudi hasemi kitu. Tangu hapo, zamu. Mdogo wangu hakulalamika. Ila mechi ikiisha, wachezaji huteleza hadi kwenye kioo kinachotenganisha barafu na viti, wakagonga kwa fimbo zao mbele ya wazazi wao. Yeye aligonga mbele yangu. Siku moja, akiwa anafungua kamba za viatu, akaniambia kwa Kiswidi, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa:

"Mechi ya mwisho ya nyumbani mama asipokuja, narudisha vifaa klabuni."

"Mimi si nakuja?"

"Wewe ni dada. Dada hana njia ya kukataa."

"Nani kakudanganya?"

Hakucheka. Namjua. Wengine wakitishia wanapandisha sauti, yeye akiamua kitu anashusha. Na niliwahi kumwona akidaka, jinsi anavyokaa kimya sekunde ile kabla ya kisahani kufika, kama mtu anayesikiliza mtu wa mbali akimwita. Sikutaka arudishe vifaa. Sikuwa nimeona kitu kingine duniani kinachomfanya atulie hivyo.

Jumamosi moja alisahau kinga yake ya shingo, na bila hiyo hawaruhusiwi kuingia kwenye barafu. Nikakimbia nyumbani kuifuata. Nikafungua mlango, nikamkuta mama, ambaye alikuwa "zamuni", ameketi jikoni anachambua maharage. Redio imezimwa. Amekaa na nguo za nyumbani, hana haraka yoyote.

Tukatazamana.

"Kumbe wazee wamehamia hapa," nikasema.

"Funga mlango, baridi inaingia."

"Mama, hauko kazini."

"Nani kasema niko kazini leo?"

"Wewe. Jana."

Akaendelea kuchambua. Alikuwa anatenga maharage mazuri na mazuri, maana mabaya yalishakwisha zamani. Halafu akaniambia nikae, nikasema nimesimamishwa na kinga ya shingo, akasema basi sikiliza ukiwa umesimama.

Siku ile moja aliyokuja kwenye mechi, alikaa safu za chini. Akageuka nyuma, akamwona yule mwanamke wa safu ya mwisho. Yule mwanamke akamtazama yeye, kisha akamtazama mtoto golini, kisha akamtazama yeye tena. Mechi ilipoisha, mdogo wangu alitoka vyumba vya kubadilishia nguo akiwa na fulana ya mikono mifupi, mkono juu ya kiwiko umevimba na kupata rangi ya bilinganya, pale alipogongwa. Mama akiwa bado hajamfikia, yule mwanamke akawa amesimama mlangoni, akamwuliza mtoto: inauma? Akatazama mkono. Akaondoka. Mama hakuulizwa chochote.

"Ndio hao," mama akasema.

"Kina nani?"

"Unajua."

Nilijua. Alimaanisha ofisi ya ustawi wa jamii, ile tunayoiita sote sosialen. Mama alikuwa amemsimulia Tantine, na Tantine akasema hao huja hivyo hivyo, hawavai sare, hawana haraka, wanakaa nyuma wanaangalia mtoto gani ana alama. Akamtajia mwanamke fulani wa mji fulani ambaye mtoto wake alichukuliwa kwa sababu ya alama. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo. Yule mwanamke siku zote ni wa mji mwingine, sijawahi kukutana naye, wala sijakutana na mtu aliyekutana naye. Lakini hadithi yenyewe inakaa nasi mezani kila siku, inakula.

"Kwa hiyo umejificha," nikasema.

"Sikujificha. Wakiniona mimi na zile alama pamoja, watauliza. Wasiponiona, watamwuliza nani?"

"Mama. Mtoto ana alama, na mama yake haonekani hata siku moja. Sasa hapo wewe ungekuwa wao ungefikiria nini?"

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Sikuwa nimefikiria kumshinda, nilisema tu kilichonijia, lakini niliona neno limeingia na kukaa. Kisha nikamwambia la pili, la vifaa na mechi ya mwisho. Hilo alilisikiliza akiwa ameangalia dirishani.

"Kasema kwa sauti ya juu au ya chini?" akauliza.

"Ya chini."

"Hm," mama akasema, na mimi nikakimbia na kinga ya shingo.

Shida ya mashaka ni kwamba hayahitaji kukaribishwa, unayapa kiti tu. Tangu siku ile na mimi nikaacha kutangaza mechi, nikawa namtazama yule mwanamke. Hakuwa na simu mkononi. Hakuwa na chupa. Hakununua hata kahawa. Aliondoka kabla filimbi ya mwisho haijakauka, kwa mlango wa pembeni. Mdogo wangu akidaka, yeye alisogeza kidevu kidogo, kama mtu anayeweka alama moyoni. Nikamwuliza baba wa kibandani ni nani yule. Akanyoosha shingo, akasema, bibi wa mchezaji nambari tisa, nadhani. Nikamwuliza mama wa nambari tisa. Akasema, hapana, nilidhani bibi wa yule mrefu. Mama wa yule mrefu alidhani ni mtu wa uongozi wa klabu. Kila mmoja alimjua kuwa ni wa mwenzake.

Hapo na mimi nikaingiwa na baridi ambayo si ya barafu. Wenye watoto wenyewe hawaji, sasa huyu asiye na mtoto anafuata nini?

Siku ya mechi ya mwisho ya nyumbani, niliamka nikasikia mafuta yanachemka. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, kile cha sikukuu, na chini yake suruali ya sufu, na kilemba. Mezani palikuwa na maandazi, mayai ya kuchemsha, chapati zimekunjwa kwenye kitambaa, chai ya maziwa kwenye chupa kubwa ya harusi.

"Tunahama?" nikauliza.

"Leo wataona kama mtoto huyu ana mama."

Mdogo wangu alikuwa ametangulia na timu, hakujua lolote. Njia nzima mama alifanya mazoezi ya sentensi za Kiswidi chini chini. Nilimsikia akisema: ni mchezo, ni mchezo tu, nyumbani hakuna kupigwa. Nikamwambia, mama, hiyo ya "nyumbani hakuna" iache, inaleta maswali. Akasema ataona.

Tulipoingia nilidhani atakaa mbele, ili mtoto amwone. Hakukaa mbele. Alipanda ngazi moja kwa moja, kilemba mbele, mifuko pande zote mbili, hadi safu ya mwisho, akaketi ubavuni kwa yule mwanamke. Ukumbi mzima mtupu, na yeye akakaa kiti kinachogusana na chake. Huku Uswidi hilo pekee lingetosha kuitiwa walinzi. Yule mwanamke akajivuta kidogo. Mama akajivuta kumfuata.

"Hujambo," mama akasema, kwa Kiswidi chake cha kazini, kile cha kuongea na wazee, polepole na kwa sauti. "Mimi ni mama."

"Wa nani?"

"Golikipa."

Yule mwanamke akatazama golini, akamtazama mama, kichwa kikaenda juu na kurudi chini. Mama akatandika kitambaa juu ya magoti yao wote wawili bila kuomba ruhusa, akatoa andazi.

"Anakula vizuri," mama akasema. "Mtoto. Kila siku."

Yule mwanamke akalishika andazi kwa vidole viwili, akaligeuza.

"Lina nini ndani?"

"Hakuna kitu ndani."

Ilikuwa kweli tupu, na ilisikika kama uongo. Yule mwanamke akaling'ata kwa pembeni, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Akatafuna muda mrefu. Akang'ata tena. Mama akanifinya paja. Sikujua lile finyo lilimaanisha ushindi au tahadhari.

Mechi ikaanza. Kila kisahani kilipompata mdogo wangu mwilini, mama alimgeukia jirani yake na kumwelezea: mchezo, ni mchezo tu. Yule mwanamke akaitikia kila mara kwa adabu. Baada ya muda akasema bila kuulizwa, macho yakiwa barafuni:

"Leo mguu wa kushoto anauwahisha. Kabla ya sikukuu alikuwa anachelewa."

Mama akaniinamia. "Umesikia? Anamfuatilia tangu kabla ya sikukuu."

"Nimesikia."

"Mwulize ana mtoto hapa."

"Si umwulize mwenyewe, mmeshakula pamoja."

Mama akamwuliza. Hapana, hakuwa na mtoto pale. Mjukuu? Hapana. Kazi? Alistaafu. Kazi gani alifanya? Yule mwanamke akafuta mdomo kwa kitambaa cha mama.

"Nilikuwa manispaa," akasema.

Goti la mama likagonga goti langu. Manispaa ndiyo yenye ofisi ile. Mama akakohoa, akauliza, manispaa, upande gani?

"Jikoni. Jikoni mwa shule."

Mama akanigeukia polepole. "Jikoni," akasema kwa Kiswahili, uso mtulivu kabisa. "Mpishi mzima, na anauliza andazi lina nini ndani."

Nilijifunika uso na skafu nisicheke. Lakini nilitaka kujua kweli, kwa sababu hilo swali lilikuwa langu kabla halijawa la mama. Nikajikaza, nikamwuliza yule mwanamke mwenyewe kwa nini anakuja, kama hana mtu. Hakuonekana kukasirika. Alifikiri, kama vile hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Naishi pale juu, kwenye yale maghorofa," akasema. "Hapa mlangoni hakuna mtu anayekuuliza unakwenda kwa nani. Kwingine kote lazima uwe umealikwa."

"Anasemaje?" mama akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Anasema hajaalikwa."

"Hilo najua."

Katikati ya kipindi cha pili mdogo wangu alituona. Sijui ni kilemba au ni harufu ya chai. Niliona kofia yake ngumu ikiinuka kuelekea juu, ikabaki hapo, na wakati ule ule mchezaji wa upande wa pili akakitelezesha kisahani taratibu, hata bila nguvu, kikapita kati ya miguu yake kikaingia wavuni. Wasichana wa upande ule wakainua fimbo juu, wakakumbatiana. Mama akaona fimbo zimeinuka, akaona kisahani kiko kwa mtoto wake, akajua kitu kimoja tu: mwanawe amekipata. Akasimama, akapiga kigelegele.

Sijui kama umewahi kusikia kigelegele cha mwanamke wa Kirundi ndani ya ukumbi wa barafu usio na watu. Kilizunguka. Kilikwenda kwenye mabati kikarudi. Wazazi wote wachache waligeuka, refa akageuka, wasichana waliofunga wakaacha kukumbatiana kuangalia ni nani huyu anayewapenda hivyo. Mdogo wangu akasukuma kofia nyuma, uso wote ukaonekana, mwekundu na unang'aa. Kutoka safu ya mwisho sikuweza kujua kama anacheka au analia. Akarudisha kofia.

"Lile," yule mwanamke akasema kwa upole, "walifunga wale wengine."

Mama hakukaa mara moja. Alikuwa mtu mzima aliyevaa kitenge cha sikukuu. "Najua," akasema. "Kwetu tunampigia aliyefungwa. Yeye ndiye anayehitaji."

Kwetu hatufanyi hivyo. Sijawahi kuona popote. Yule mwanamke akanitazama mimi kama shahidi, nami nikasema ndiyo, ni desturi. Akafikiri, akasema ni desturi nzuri, akaomba andazi lingine.

Walifungwa, lakini si kwa mengi. Filimbi ilipolia wasichana wakateleza hadi kwenye kioo. Mama alishuka ngazi akishika kitenge, akasimama mbele ya kioo hajui afanye nini na mikono yake. Mdogo wangu akaja, akagonga kwa fimbo mara moja, kidogo tu. Mama akaruka. Kisha akagonga na yeye, kwa pete yake.

Nje ya vyumba vya kubadilishia nguo mama alimkumbatia kwa sauti, ukiweza kufikiria kumbatio lenye sauti, huku jicho moja likimtafuta yule mwanamke atazame. Hakuwepo. Alikuwa ameshaondoka kwa mlango wake wa pembeni.

"Mama, kile kigelegele," mdogo wangu akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisema kwa Kiswahili, "kilikuwa cha goli lao."

"Nimeambiwa."

"Utakuja tena?"

"Lazima nije," mama akasema. "Yule mwanamke simwamini hata kidogo."

Mdogo wangu akanitazama, nikapandisha mabega. Akasema sawa. Akaubeba mkoba wake mkubwa wa vifaa, ule wa kurudishwa, akaupeleka nyumbani.

Na mama akaja. Msimu mpya ulipoanza, Jumamosi anazopata alikuwepo na chupa ya harusi, kilemba kikiwa kirefu kuliko cha mara iliyopita. Akiingia, kabla hajatafuta goli, alitafuta safu ya mwisho. Haikuwa na mtu. Mara ya kwanza akasema, anaumwa. Mara ya pili akasema, amehamishiwa ukumbi mwingine. Mara ya tatu akasema, amemaliza kazi yake, ameandika, tungoje. Tukangoja. Kila barua iliyoingia mlangoni mama aliichungulia kwenye mwanga wa taa kabla ya kuifungua, na zote zilikuwa za umeme na za daktari wa meno. Tantine alisema kimya ndicho kibaya zaidi. Hata hivyo kila mara mama alikuja na maandazi mengi kuliko tunavyoweza kula, na yaliyobaki aliyarudisha nyumbani bila kuyazungumzia.

Mimi nilikuwa na mashaka mengine, ambayo sikuyasema. Nilifikiria yale maghorofa, na mwanamke wa umri ule, na ngazi zake zikiwa na barafu asubuhi. Nikawauliza watu wa pale. Lakini utamwuliziaje mtu ambaye kila mmoja alidhani ni wa mwenzake? Jina hakuna. Baba wa kibandani akasema, ah, bibi wa nambari tisa, nambari tisa si ameacha kucheza? Nikasema hakuwa bibi yake. Akasema basi hajui, akanipa kahawa.

Jumamosi moja timu ya mdogo wangu ilikuwa ugenini, na mama amekwenda nao kwenye basi, kwa sababu siku hizi hata ugenini anataka kuona nani anaangalia. Mimi nilibaki. Nilikuwa na nguo za kufua. Nikajikuta nimevaa koti, nimetembea hadi ukumbini, nikijiambia naangalia tu kama atakuwepo.

Walikuwa wanacheza watoto wadogo nisiowajua, timu mbili zote sizijui. Safu ya mwisho haikuwa na mtu. Nikapanda. Kutoka pale juu unaona kila kitu, unaona hata kocha anavyojikuna kisogo. Unaona watoto wote, hakuna wa kumtafuta, kwa hiyo macho yanakwenda popote yanapotaka. Kuna mmoja aliyekuwa anaanguka kila akigeuka kushoto, lakini kulia hakuanguka. Nilimtazama huyo muda mrefu, nikangoja ageuke kushoto.

Chini yangu mwanamke mmoja, mwenye mtoto bila shaka, aligeuka kunitazama. Akamtazama mtoto wake. Akanitazama tena. Kisha akamsemesha mume wake kitu, na mume naye akageuka.

Nilikuwa nimeweka mkoba wangu kwenye kiti cha pembeni. Nikauchukua, nikauweka chini miguuni, na kile kiti nikakiacha wazi kwa yeyote atakayepanda.